Springi za Mbele: Uliza Kilo Kabla ya Kuuliza Inchi

Maji yakipwa pale Likoni, Mombasa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali. Chini kabisa, saruji inapokutana na bamba la chuma la feri, pana kona ambayo gari lenye pua ndefu huigusa kabla tairi halijapanda. Land Cruiser yangu ya muundo wa 80 ilipita pale miaka mingi bila kuacha alama. Kisha nikaifunga bampa la chuma na winchi, ile mashine ya kulivuta gari kwa waya, maana nilikuwa nimechoka kukwama kwenye tope la Kinango kila masika. Wiki ile ile, nikiingia feri ya alfajiri, nikasikia chuma kikikwaruza chuma. Nilipovuka nikashuka na kuinama mbele ya gari. Rangi ya bampa ilikuwa imechubuka upana wa kiganja, na tairi la mbele lilikuwa limezama ndani ya madigadi kuliko nilivyozoea kuliona.

Ushauri nilioupata mjini ulikuwa mmoja kwa kila niliyemuuliza: weka springi za inchi mbili. Nikaenda dukani, nikataja mwaka wa gari, nikataja inchi mbili, nikalipa, nikapewa. Hakuna aliyeniuliza gari limebeba nini, wala mimi sikujua kwamba hilo ndilo swali. Springi zikafungwa. Gari likapanda, lakini ukilinganisha na kimo lililotoka nacho kiwandani, lilikuwa limezidi inchi moja tu. Na nilipolipeleka Kilifi, kila tuta baada ya Mtwapa lilinirusha mara tatu: mara ya kwanza kwa tuta lenyewe, mbili zilizofuata kwa pua ya gari iliyokataa kutulia. Nikaamini nimeuziwa springi bandia.

Fundi mmoja mzee wa Changamwe, ambaye ameyajua magari haya tangu yalipoanza kuteremshwa bandarini miaka ya 1990, alichukua futi ya chuma, akapima pande zote mbili, akaniuliza maswali machache, kisha akasema: "Mwanangu, springi hizi ni zako. Shoki ndizo si zako. Na hiyo inchi nyingine imelaliwa na winchi."

Maneno hayo matatu nimeyafikiria tangu siku ile, na nimeona watu wengi wakipoteza pesa kwa kutoyajua. Nitayafungua moja moja, kwa hesabu, kwa sababu jambo hili halina uchawi wowote ndani yake.

Springi ni mizani

Mizani ya kuning'iniza aliyonayo muuza samaki ina springi ndani yake. Changu mdogo huushusha mshale kidogo, nguru mzima huushusha sana. Springi ya gari ni mizani ile ile, ila yenyewe hukandamizwa badala ya kuvutwa. Mwingereza Robert Hooke aliichapisha kanuni yake mwaka 1678: ukiongeza nguvu maradufu, springi nayo hujongea maradufu. Kwa hiyo kila springi ina namba yake ya ugumu, yaani kilo ngapi zinatakiwa ili ishuke milimita moja.

Tuchukue namba nyepesi, zinazofanana na za gari la aina hii. Springi ya kiwandani inataka kilo 2 kwa kila milimita, na kila upande wa mbele umebeba kilo 450. (Magurudumu, ekseli na breki havimo katika hizo 450, kwa kuwa viko chini ya springi na hubebwa na tairi moja kwa moja.) Gari likikaa chini, springi imekandamizwa milimita 225. Hicho ndicho kimo chake cha kawaida.

Sasa funga bampa la chuma na winchi. Winchi ya kuvuta gari la ukubwa huu, pamoja na waya wake wa chuma, inaweza kufika kilo 40. Bampa lenyewe linaweza kufika 60 au kuzidi. Tuseme jumla kilo 100. Mtu atadhani kila springi imeongezewa 50. Sivyo, na hapa ndipo wengi tunapokosea.

Mwulize hamali wa mkokoteni pale Kongowea. Akipanga magunia nyuma ya ekseli, upande aliposhika, mikono ya mkokoteni inamlemea. Akiyapanga mbele ya ekseli, mikono inanyanyuka hewani na huenda ikamnyanyua na yeye. Bampa na winchi vimekaa mbele ya ekseli ya mbele, si juu yake. Kwa hiyo vinafanya mambo mawili kwa pamoja: vinaikandamiza mbele, na vinainyanyua nyuma. Land Cruiser 80 ina milimita 2,850 kutoka ekseli hadi ekseli. Mzigo wa kilo 100 ukiwa mita moja mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo haiongezewi kilo 100, huongezewa 135, na ekseli ya nyuma hupunguziwa 35. Ukizigawa 135 kwa springi mbili, kila moja imepata 67 na nusu. Kwa ugumu wa kilo 2, pua imeshuka milimita 34, na nyuma imepanda kidogo. Ndiyo maana gari langu lilionekana kama limeinama kunywa maji.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nauona msemo huo kila mara mtu akiniambia kwamba gari lake "halijabeba kitu", huku kuna betri ya pili, bamba la kukinga injini na taa nne mbele. Gari halisahau hata kilo moja.

Inchi moja ilikwenda wapi

Tuje kwa springi mpya. Tuseme ina urefu ule ule wa ile ya zamani zikiwa mezani, lakini ni ngumu kwa asilimia 30, yaani kilo 2.6 kwa milimita. Ukiifunga kwenye gari lisilo na bampa wala winchi, kilo 450 zitaikandamiza milimita 173 badala ya 225. Gari limepanda milimita 52, inchi mbili kamili, kama dukani walivyosema. Ukiifunga kwenye gari lenye mzigo wangu, kila upande umebeba kilo 517 na nusu, na springi imekandamizwa milimita 199. Gari limezidi kimo cha kiwandani kwa milimita 26. Inchi moja.

Springi ni moja, gari ni la aina moja, na majibu ni mawili tofauti. Inchi haimo ndani ya springi. Inapatikana pale springi inapokutana na uzito fulani, na asiyeujua uzito hawezi kukuahidi inchi. Watengenezaji makini huziuza springi zao kwa mpangilio huo: hizi ni za mbele iliyo tupu, hizi ni za bampa, hizi ni za bampa na winchi. Ukitaka za "kunyanyua zaidi" bila kuwa na uzito huo, utapewa springi ngumu kuliko gari lako, na pua itakaa juu kama ya jahazi lililopakiwa tezi tu.

Sasa hesabu kwa upande wangu ilikuwa nzuri. Kutoka milimita 34 chini ya kimo cha kiwandani, nimefika 26 juu yake: tofauti ya milimita 60 kati ya siku niliyokwaruza feri na siku springi mpya zilipofungwa. Springi zilikuwa zimefanya kazi yake yote. Mzee alikuwa sahihi, zilikuwa zangu.

Uzito wenyewe usiukisie. Iko mizani ya malori inayomilikiwa na watu binafsi kwenye njia ya Changamwe na Miritini, na kwa ada ndogo watakupimia. Panda kwa ekseli ya mbele peke yake kwanza, kisha gari zima, kisha ya nyuma peke yake. Mizani ya namna hii mara nyingi husoma kwa hatua za kilo 20, kwa hiyo usitafute gramu. Nenda na tangi lililojaa na vitu unavyosafiri navyo siku zote. Kile ambacho gari linabeba kila siku ndicho kinachochagua springi, si kile utakachobeba Desemba ukienda kwa jamaa.

Unene wa waya

Ukiziona springi mbili dukani zimelala pamoja, jicho haliwezi kuzitenganisha. Kipimo kinaweza. Ugumu wa springi ya kuzunguka unategemea mambo matatu: unene wa waya, upana wa duara lake, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Unene ndio mfalme, kwa sababu unaingia katika hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 14 ukiwa wa milimita 15, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 32. Milimita moja! Ni kama kucha ya kidole, na imebadilisha gari zima. Beba kaliba (chombo cha kupimia unene) unapokwenda kununua springi za mitumba, na ukumbuke kwamba rangi nene nayo inahesabika kwenye kipimo.

Idadi ya mizunguko hufanya kazi kinyume: ikipungua, springi inakuwa ngumu. Mtu anayekata mzunguko mmoja kutoka mizunguko minane ili gari likae chini ameifanya springi kuwa ngumu kwa asilimia 14 na fupi kwa pamoja, kisha anashangaa kwa nini gari linagonga.

Hapa niseme neno kuhusu vile vipande vya mpira vinavyouzwa kila mahali, vile vinavyobanwa katikati ya mizunguko ya springi. Vinanyanyua, sikatai, na kwa bei ndogo. Lakini vinafanya hivyo kwa kuuzuia mzunguko mmoja usifanye kazi, na mizunguko iliyobaki hulazimika kubeba kilichokuwa cha wote. Juu ya hayo, mpira unashika maji na mchanga dhidi ya chuma. Kwa hapa kwetu pwani, hilo peke yake lingetosha kunifanya nisivitumie.

Tofauti kabisa na hivyo ni spesa inayokaa juu ya springi, kati yake na chesisi. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, yaani boriti moja inayoyaunganisha magurudumu mawili, spesa ya milimita 20 inanyanyua milimita 20, na ugumu haubadiliki hata kidogo. Ni dawa nzuri ya gari lililolalia upande mmoja, au lenye springi nzima ila limekaa chini kidogo. Haliwi gari linaloweza kubeba zaidi kwa sababu ya spesa. Mzigo wa ziada utaishusha springi kiasi kile kile.

Shoki

Shokomzoba, au shoki kama tunavyoiita, haibebi gari. Watu wengi huamini inabeba, na ndiyo maana hubadilisha shoki gari linapoinama, kisha linainama vile vile. Anayebeba ni springi. Shoki kazi yake ni kuituliza springi ikishasukumwa.

Springi iliyokandamizwa ina nguvu ndani yake na lazima iirudishe. Gari likipita tuta, springi inakandamizwa, kisha inausukuma mwili wa gari juu kupita pale ulipokuwa, unarudi chini, unapanda tena. Bila shoki ungeendelea hivyo mbali kabisa, kama ngalawa iliyopitiwa na mawimbi ya meli. Mapigo yake unaweza kuyahesabu kutokana na kile kina cha kukandamizwa: springi iliyokaa milimita 225 hupiga mara 63 kwa dakika, iliyokaa 173 hupiga 72. Mwendo wa 63 ni wa mtu anayetembea taratibu, mwili unaupenda. Kadiri mapigo yanavyoongezeka, abiria wa nyuma anaanza kulalamika.

Shoki za kiwandani zimepimwa kwa springi za kiwandani. Ukileta springi ngumu kwa asilimia 30, inahitajika nguvu ya kutuliza iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 14 ili gari litulie kama mwanzo, na zaidi kidogo kwa kuwa uzito nao umeongezeka. Shoki zangu zilikuwa za zamani, zimekwisha, na hata zingekuwa mpya zingekuwa dhaifu kwa kazi ile. Ile miruko miwili baada ya kila tuta ilikuwa springi nzima ikirudisha nguvu zake na hakuna wa kuishika. Nilipofunga shoki zilizotengenezwa kwa ajili ya springi za namna hiyo, gari lilipanda tuta, likashuka, likakaa kimya.

Kuna suala la urefu pia. Gari likinyanyuka, ekseli inakuwa imeshateremka sehemu ya safari yake ya chini, kwa hiyo shoki fupi itafika mwisho wake mapema na kugonga kila gurudumu linapoingia shimoni. Shoki ndefu mno nayo ni hatari: gurudumu likipanda hadi mwisho, itajibana yenyewe kabla ekseli haijagusa mpira wa kikomo, na itapasuka. Au gurudumu likining'inia sana, springi inalegea na kutoka kitini mwake. Kwa hiyo urefu wa shoki huchaguliwa baada ya kimo cha gari kujulikana, na mwenye duka anayekuuzia shoki kabla ya kukuuliza kimo, muulize wewe.

Kinachobadilika chini bila wewe kuomba

Land Cruiser 80, Land Cruiser 79 za kuanzia 1999, Nissan Patrol za Y60 na Y61, Defender za muundo wa zamani na Jimny za kuanzia 1998 zote zina springi za kuzunguka mbele juu ya ekseli nzima, na ekseli hiyo imeshikwa na mikono inayokwenda chesisini. Ukinyanyua gari, mikono inabadilisha pembe, na ekseli inazunguka pamoja nayo. Mkono wa mita moja ukiteremka milimita 50 mwisho wake mmoja, umezunguka karibu digrii 3. Digrii hizo zinatolewa kwenye kasta, ule mlalo wa nyuma unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe ukiuachia. Kasta ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga, hasa kwenye kasi ya barabara ya Voi lori likikupita. Dawa yake ni bushi (mipira ya kwenye maungio ya mikono) maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, au mikono iliyotengenezwa kwa kimo kipya. Kwa inchi moja kama yangu alainimenti ilionyesha upungufu mdogo, na bushi hizo zikautibu. Kwa inchi mbili na zaidi ningezinunua pamoja na springi bila kusubiri dalili.

Fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni nayo ina jambo lake. Inashikwa chesisini upande mmoja na kwenye ekseli upande wa pili, kwa hiyo gari likipanda, fimbo inaivuta ekseli upande. Ni milimita chache tu. Ukiona usukani haukai katikati baada ya kunyanyua gari, hapo ndipo pa kuanzia.

Na paipu za breki. Kazi hii haichukui dakika tano: gurudumu likining'inia kabisa, angalia paipu ya mpira kama imekazika. Ikikazika, gari hilo lisitoke gereji.

Prado, Hilux na jamaa zao

Mjini kwetu Prado ni nyingi kuliko 80, na kwa Prado hesabu inabadilika. Tangu muundo wa 90 uliotoka 1996, magurudumu ya mbele kila moja lina mikono yake, na springi imezunguka shoki katikati ya mkono wa chini, si kwenye gurudumu lenyewe. Kama springi imekaa asilimia 60 ya njia kuelekea gurudumu, basi gurudumu likipanda milimita 10, springi inakandamizwa 6 tu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, ugumu unaousikia kwenye gurudumu ni 0.6 mara 0.6, yaani asilimia 36 ya ugumu wa springi, ndiyo sababu springi za Prado zinaonekana nene kuliko unavyotarajia. Pili, spesa ya milimita 25 juu ya shoki hainyanyui 25, inanyanyua karibu 42. Nimeona mtu akifunga spesa ya milimita 50 kwa kudhani ni inchi mbili. Shafti zake za mbele zilikaa kwa pembe kali kiasi kwamba buti za mpira zilichanika na grisi ikamwagika, na bolijointi za juu zikawa zimefika mwisho wake gari likiwa limesimama tu.

Prado nyingi zinazoshuka bandarini zimetumika Japani, kwa lami ya Japani, na nyingi zimekaa chini mbele kwa uzee tu. Kwa hizo mara nyingi springi mpya za ugumu wa kiwandani zinatosha kuzirudisha. Usinunue ugumu usiouhitaji.

Hilux nyingi za kabla ya muundo wa 2005, na Land Cruiser 100 nyingi, hazina springi za kuzunguka mbele. Zina toshenibaa, fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa. Ina bolti ya kurekebisha, na kila fundi anajua kuikaza ili pua ipande. Kukaza hakuifanyi fimbo iwe ngumu. Kunahamisha tu mahali gari linapokaa, na safari ya kwenda chini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Mtu anayetaka kubeba winchi kwenye Hilux hizo anahitaji fimbo nene zaidi, na hapo sheria ya unene mara nne inarudi vile vile.

Chumvi na moto

Springi zetu za pwani hazifi kama za Nairobi. Bara springi inachoka na kushuka. Hapa inakatika. Nguvu ya kusokota iko kubwa zaidi kwenye ngozi ya waya, si katikati yake, kwa hiyo kishimo kidogo cha kutu juu ya ngozi hiyo kinatosha kuanzisha ufa. Mzunguko wa chini kabisa, unaokaa kwenye kiti chake na kukusanya mchanga na maji ya chumvi, ndio unaotangulia. Ukipita ufukweni au ukirudi kutoka Shimoni wakati wa kusi, elekeza maji baridi na safi pale kitini, si kwenye boneti. Rangi ikibanduka, safisha kwa brashi laini na upake tena mapema.

Na kwa sababu nguvu iko kwenye ngozi, springi nzuri hupigwa kiwandani kwa punje ndogo za chuma ili ngozi yake ikazwe. Fundi anayeipasha moto wa gesi ili kuivuta iwe ndefu anaifuta kazi hiyo yote, na anaondoa ugumu wa chuma uliotiwa kwa joto lililopimwa. Itakaa juu miezi michache, kisha itarudi chini, au itakatika. Kuchomelea springi ni vibaya zaidi. Nawaheshimu mafundi wa jua kali kuliko watu wengi wanavyowaheshimu, na nimejifunza kwao karibu kila kitu nilichoandika hapa, lakini kwa springi moto si dawa.

Siku ya kufunga

Mzee alianza kwa chaki. Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka ardhini, kwa sababu kipimo cha ardhini kinabadilika na upepo wa tairi. Pembe nne, namba nne, kila moja ikaandikwa ndani ya madigadi yake. Upande wa dereva ulikuwa umezidi kushuka. Magari yetu yana usukani kulia, na baadhi ya seti za springi huja na moja ndefu kidogo kwa upande wa dereva. Ziangalie lebo kabla ya kufunga, na ujihadhari na seti zilizotengenezwa kwa nchi za usukani wa kushoto, maana zitakulaza upande usiofaa.

Kwenye gari la ekseli nzima kazi ni ya uvumilivu: gari linasimamishwa juu ya stendi kwenye chesisi, shoki zinafunguliwa, ekseli inateremshwa kwa jeki hadi springi inalegea na kutoka kwa mkono. Kwenye Prado ni jambo jingine, kwa kuwa springi imefungiwa kwenye shoki ikiwa imekandamizwa. Springi ya mfano wetu ikiwa imebeba kilo 450 ina nguvu inayolingana na mfuko wa simenti wa kilo 50 ulioanguka kutoka kimo cha mita moja. Ikifunguka ghafla mbele ya uso wa mtu, hakuna wa kuizuia. Kibanio kizima, nyuzi zilizotiwa mafuta, na hakuna mtu anayesimama mwishoni mwa shoki. Gereji inayofungua kwa waya na nyundo, ondoa gari lako.

Kitu cha mwisho alichofanya ndicho ambacho mafundi wengi hukiruka. Bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa hewani. Aliziacha zimelegea, akaliteremsha, akalisukuma mbele na nyuma, akaniambia nipande niketi, ndipo akaingia chini na kuzikaza. Mpira wa bushi hushika mahali unapokazwa; ukikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, utabaki umesokotwa maisha yake yote na kupasuka mapema.

"Rudi baada ya kilomita elfu moja," alisema. Springi mpya hukaa kidogo baada ya kuanza kazi. Nilirudi, akapima tena. Pua ilikuwa imeshuka milimita 5, na akaiandika namba mpya chini ya ile ya zamani. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuutoa waya wa chuma wa winchi na kuweka kamba ya sintetiki. Waya wa chuma una uzito wa kilo kadhaa zaidi, na kilo hizo ziko mita moja mbele ya ekseli, kwa hiyo kila moja inahesabiwa moja na theluthi. Kamba hiyo niliiweka mwezi uliofuata.

Namba za chaki bado ziko ndani ya madigadi, na kila nikiongeza kitu mbele, nachukua futi kwanza.